Msaada: programu ya kudarizi ya shangazi imegoma kwenye Windows 10, kuna njia ya Linux? (Tanga) – MREJESHO UPO NDANI

#1 FundiBarabaraTisa

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa kompyuta ila umeanza na uzi wa cherehani, mnivumilie.

Shangazi yangu ana mashine ya kudarizi hapa Ngamiani, ya zamani, haina hata tundu la flashi. Nyuma ina kebo ya siriali ya pini 9, basi. Nembo za sweta za shule, majina kwenye kofia za harusi, maua ya shingo ya kanzu, vyote vinachorwa kwenye kompyuta halafu vinashushwa kwa kebo hiyo. Kompyuta ilikuwa ya Windows XP na wiki iliyopita bodi imekufa. Nimeifungua nikakuta kapasita nne zimevimba vichwa na skrubu zote zina kutu. Anayeishi karibu na bahari anaijua hali hii, na ukichanganya na umeme wa kupanda na kushuka, ilivyodumu miaka yote hiyo ni bahati tu.

Diski ni nzima, alhamdulillahi. Faili zote 412 za michoro nimezitoa.

Kabla yangu alipita kwa fundi mwingine (duka silitaji), akaambiwa vitu vyake vimepitwa na wakati, anunue mashine mpya. Akaja kwangu na CD ya programu kaiviringisha kwenye kitambaa. "Mwanangu, mashine hii imesomesha watoto watatu. Na wewe unataka kuniambia imekufa?" Nikamjibu haijafa, shangazi, kabla hata sijajua nasema nini.

Nimempatia kompyuta ya mtumba, Core i5 kizazi cha nne, RAM GB 8, Windows 10 ya biti 64. Naweka CD, nabofya setup, inaniambia programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta hii. Nimejaribu kile kipengele cha kuidanganya programu kwamba ipo XP, wapi! Januari shule zinafunguliwa na sweta 120 hazijaguswa.

Wajuzi njooni.

#2 KijanaWaKange

Nipo siti ya mbele, nasubiri waje wenye taaluma yao.

#3 Chuma_Chakavu

Si upige XP hapo mkuu umalize kazi? Mnapenda kujitesa.

#4 FundiBarabaraTisa

@Chuma_Chakavu nimejaribu, bodi hii haina draiva (programu za kuendesha vifaa) za XP, picha imekuja kubwa kama bango na USB hazisomi. Halafu XP ilikatiwa msaada tangu Aprili 2014, na shangazi hupokea nembo za wateja kwa barua pepe. Siwezi kumwacha hivyo intaneti.

#5 Mkonge_Mkavu

Fundi, programu yako yenyewe huenda ni nzima kabisa. Kinachogoma ni kisakinishi, yaani ile setup. (Biti ni upana wa data ambayo prosesa inashika kwa mpigo: 16 ni ya zamani, 64 ni ya sasa.) Miaka ile ya tisini mwishoni kampuni nyingi zilishahamia biti 32, ila CD zao bado ziliwekewa kisakinishi cha biti 16 kilichobaki tangu enzi za Windows 3.1. Windows ya biti 32 inakikubali. Windows ya biti 64 haikubali kitu chochote cha biti 16. Ina ujanja mdogo wa kubadilisha baadhi ya visakinishi maarufu kwa vyake yenyewe, lakini kama chako hakimo kwenye orodha hiyo ndiyo unapata huo ujumbe.

Kwa hiyo una milango mitatu:

Windows 10 ya biti 32. Ipo, na ukiiwasha sehemu inayoitwa NTVDM inaendesha vya biti 16. Lakini Windows 10 yote imefungiwa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haina biti 32 kabisa. Na kizazi cha nne cha Core hakimo kwenye orodha ya Windows 11. Mlango huu una ukuta nyuma yake.

XP ndani ya VirtualBox (programu inayounda kompyuta ya kufikirika ndani ya kompyuta yako). Inafanya kazi vizuri, leseni uwe nayo, na intaneti uizime humo ndani.

Linux na Wine (programu inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux). Mimi ningeanza hapa. Najua itachekesha, ila programu za zamani za Windows mara nyingi zinakaa vizuri zaidi kwenye Linux kuliko kwenye Windows mpya. Wine inaendesha vya biti 16 mpaka leo, hata juu ya mfumo wa biti 64.

#6 Chuma_Chakavu

Wine si ndiyo ile inaiga Windows nzima, kompyuta inakuwa nzito kama jiwe la Amboni?

#7 Mkonge_Mkavu

Hapana, na hili linawachanganya wengi. Kirefu cha jina lenyewe kinakana: Wine si kiigizi.

Chukulia hivi. Mzee amezoea mtaa wake. Akitaka sukari anaita "Bakari!", akitaka mafuta ya taa anaita "Mwanaidi!". Ukimhamishia mtaa mwingine atakufa njaa, si kwa sababu mtaa huo hauna sukari, ila hajui amwite nani. Wine inakwenda mtaa mpya, inaweka mtu dukani na kumpa jina la Bakari, mwingine Mwanaidi. Mzee anaita, anaitikiwa, sukari anapewa. Sukari ni ya Linux, lakini yeye hana habari.

Programu ya Windows inaita majina kama kernel32 ikitaka faili, user32 ikitaka dirisha, gdi32 ikitaka kuchora. Wine imeandika upya hao wote bila kuchukua hata kipande cha Windows. Prosesa ni ile ile ya Intel, maagizo yanapita moja kwa moja, hakuna kutafsiri hatua kwa hatua. Ndiyo maana si nzito. (Kwenye prosesa za ARM habari ni nyingine, huko maagizo yenyewe lazima yatafsiriwe, kama Rosetta 2 inavyofanya kwenye Mac mpya.)

Kazi hiyo ya kuwaandika akina Bakari ilianza 1993. Alexandre Julliard anaiongoza tangu 1994, na toleo la 1.0 likatoka Juni 2008. Miaka 15 kufika moja nukta sifuri. Anayewaambia wateja "njoo kesho" ajifunze kwa huyu bwana.

Kitu ambacho Wine haikifanyi: draiva za Windows zinazoingia kwenye kiini cha mfumo. Kama mashine ya shangazi ingeunganishwa kwa USB yenye draiva yake maalumu, ningekuambia acha. Ila siriali ni waya wa kawaida tu, Linux inaujua. Kabla hujabishana Windows au Linux, iulize programu inaomba nini.

#8 BintiRaskazone

Samahani kwa kuuliza, kwa nini usihamie Ink/Stitch moja kwa moja? Ni ya bure, inakaa ndani ya Inkscape (programu ya kuchora), ipo ya Linux, inasoma na kuandika DST na PES, mitindo ya faili za kudarizi. Mimi nachora nayo majina ya khanga za mikono na vitambaa vya meza.

#9 FundiBarabaraTisa

Dada asante, sikuijua hii. Ila faili zake 412 ziko kwenye mtindo wa hiyo programu yake, nimejaribu kuzifungua na ulichotaja, zimekataa. Lazima nizifungue kwanza kwa mwenyewe wao.

#10 FundiBarabaraTisa

MREJESHO WA KWANZA

Nimeweka Linux Mint 21, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo kwenye flashi. Nikaongeza Wine ya biti 32, na nikaitengenezea programu chumba chake pekee isichanganyike na kitu kingine:

`sudo dpkg --add-architecture i386`
`sudo apt update && sudo apt install wine wine32`
`WINEPREFIX=~/.darizi WINEARCH=win32 winecfg`

Halafu nikaita setup ya kwenye CD kwa WINEPREFIX hiyo hiyo. Wakuu, lile dirisha la buluu la visakinishi vya zamani, linalojaza skrini nzima, limefunguka. Nimebaki naliangalia tu. Dakika mbili, imekwisha. Nimefungua faili la kwanza, nembo ya nanasi, na kila mshono upo pale pale.

Sasa kigingi: nikibofya "tuma" inasema poti haipo. Nimenunua kebo ya kugeuza USB kuwa siriali, ya bei poa. Linux inaiona kwa sekunde moja halafu inatoweka. Nimebadilisha matundu yote ya USB. Shangazi amepita mara mbili kuuliza, mara ya pili na sahani ya vitumbua, nikajua hali ni mbaya.

#11 Chuma_Chakavu

Si nilisema.

#12 Mkonge_Mkavu

Chomoa kebo, chomeka tena, kisha andika `sudo dmesg | tail` utubandikie hapa. Na hiyo kebo chipu yake ni CH340?

#13 FundiBarabaraTisa

Ndiyo, CH340. Mstari unaorudiarudia ni huu:

`usbfs: interface 0 claimed by ch341 while 'brltty' sets config #1`

#14 Mkonge_Mkavu

Nilijua. Brltty ni programu ya wasioona, inaongoza vifaa vya maandishi ya nukta nundu. Baadhi ya vifaa hivyo vinatumia chipu ya CH340 hiyo hiyo. Kwenye Ubuntu 22.04, ambayo Mint 21 imejengwa juu yake, ikiona chipu hiyo inaruka inasema "huyu wangu" na kuipokonya kebo yako. Kama hapo dukani hakuna anayetumia nukta nundu, iondoe:

`sudo apt remove brltty`

Halafu jiunge na kundi linaloruhusiwa kugusa siriali:

`sudo usermod -aG dialout $USER`

Toka, ingia tena. Kutoka na kuingia usikuruke, watu wanapoteza siku nzima hapo.

#15 FundiBarabaraTisa

Imekaa! Naiona /dev/ttyUSB0 (jina la kebo hiyo kwenye Linux) na haitoweki. Lakini programu inanipa kuchagua COM1 mpaka COM4 tu (majina ya Windows ya poti za siriali), na zote zinasema hapana.

#16 BintiRaskazone

Angalia ndani ya folda ya dosdevices, kwenye chumba cha Wine. Wine hugawa namba za COM yenyewe, na kebo za USB huwa inazitupa mbali sana.

#17 FundiBarabaraTisa

Dada umepiga palepale. Imeipa COM33! Hizi za mwanzo zote zimechukuliwa na poti za ndani ambazo kwenye kompyuta hii hata hazipo.

#18 Mkonge_Mkavu

Usibadilishe viungo kwa mkono ndani ya dosdevices, ukiwasha tena Wine itakurudishia vyake. Fungua regedit ya Wine, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\Software\Wine\Ports, weka neno jipya COM1 lenye thamani /dev/ttyUSB0. Funga kila kitu, andika `wineserver -k` kwa WINEPREFIX ile ile, fungua tena. Na kasi ya poti iwe sawa na iliyoandikwa kwenye mashine, la sivyo itadarizi Kichina.

#19 FundiBarabaraTisa

MREJESHO WA PILI

Nilidhani kazi yenyewe ni ya waja leo waondoka leo, imekula siku tatu. Lakini ndugu zangu, saa nne na nusu usiku huu mashine imeamka.

Nilituma ua dogo la shingo ya kanzu, ili likiharibika tusipoteze sweta. Taa ya kijani ikawaka, ikakaa kimya kama sekunde tano hivi ndefu kama Ramadhani, halafu fremu ikajisogeza kushoto yenyewe, sindano ikashuka. Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu na vidole amevibana kwenye ukingo wa meza. Ilipobadilisha mwelekeo kuanza jani la pili akasema, "Ndiyo yenyewe hiyo, sauti yake naijua," akaenda kuchemsha chai. Hakusubiri limalizike.

Kituko kimekuja asubuhi. Kwenye skrini Wine inajiwekea alama ya glasi ya mvinyo mwekundu imeinama. Shangazi akainama karibu, akavua miwani, akaivaa tena. "Hii ni nini mmeniwekea? Kompyuta ya kushonea kanzu za Maulidi mnaniwekea pombe?" Nimemweleza ni jina tu la programu, ameniangalia bila kunijibu. Nimebadilisha alama, nimeweka picha ya sindano. Amani imerudi.

#20 KijanaWaKange

Hahaha shangazi hana masihara. Tupia picha ya hilo ua basi.

#21 mhasibu_wa_bandarini

Wakuu nimewafuata kimyakimya tangu mwanzo. Mimi nina programu ya hesabu ambayo lazima uchomeke kijiti chake cha USB ndipo ifunguke. Nimefuata hatua hizi, programu imeingia kwenye Wine vizuri, lakini kijiti haikioni kabisa. Nakosea wapi?

#22 Mkonge_Mkavu

Hukosei. Rudi #7: kijiti kile kina draiva inayoingia kwenye kiini cha Windows, na Wine haina kiini cha Windows. Wewe nenda mlango wa VirtualBox: Windows kamili ndani, kisha uikabidhi kijiti. Kwenye Linux jiongeze kwenye kundi la vboxusers, bila hivyo orodha ya USB itakuja tupu nawe udhani ni kebo.

#23 mhasibu_wa_bandarini

Kundi! Orodha ilikuwa tupu kweli, nimejaribu sasa hivi. Imefunguka. Ahsante sana mkuu, Mungu akuzidishie.

#24 Kaka_Gemu

Na magemu je? Nataka kuhama Windows ila gemu zangu zote ziko huko.

#25 Mkonge_Mkavu

Weka Steam (duka la magemu la Valve), washa Proton. Ni Wine hii hii waliyoiongezea vitu, Valve waliitoa 2018, na DXVK ndani yake inageuza Direct3D, lugha ya Windows ya kuchora picha za gemu, kuwa Vulkan ambayo Linux inaielewa. Ila gemu za mtandaoni zenye walinzi wa kukamata wadanganyifu, nyingi zitakufukuza mlangoni. Hilo lina uzi wake, usituharibie huu wa kudarizi.

#26 Chuma_Chakavu

Haya nimekubali yaishe. Swali moja la haki: kwa kuwa ni Linux, basi zile programu za kudukuliwa leseni naweza kuzifungua bila wasiwasi wa virusi?

#27 BintiRaskazone

Thubutu! Kirusi cha Windows nacho ni programu ya Windows, na kikimwita Bakari ataitika vilevile. Wine kwa kawaida inaonyesha diski yako yote kama herufi Z, pamoja na picha zako na nyaraka zako. Kikiamua kuzifunga faili kitazifunga. Fundi, na wewe fungua winecfg, sehemu ya diski, uiondoe hiyo Z kwenye chumba cha shangazi, umwachie folda moja tu ya michoro.

#28 FundiBarabaraTisa

Nimeiondoa sasa hivi, nimempa herufi M, M ya michoro. Sikuwa nimefikiria kabisa.

#29 FundiBarabaraTisa

MREJESHO WA TATU

Sweta 120 zimetoka, za mwisho zimechukuliwa jana na bodaboda.

Sasa niko kwenye alichosema dada BintiRaskazone pale #8. Sitaki siku programu hii ikikataa kabisa nianze upya kubembeleza. Kila faili nalifungua kwenye programu ya zamani, nalitoa kwenda DST, halafu nalihakiki kwenye Ink/Stitch. Michoro inavuka salama. Mishono ya DST inaandikwa kwa baiti tatu kila mmoja, kipimo chake ni sehemu ya kumi ya milimita, kwa hiyo hata yale majani membamba ya kofia yanabaki makali.

Tatizo ni rangi. DST haibebi rangi, inabeba amri ya kusimama tu ili ubadilishe uzi, basi. Nembo ya rangi tano inakuja na vituo vinne na hujui kipi ni kipi.

Kwa hiyo tunafanya hivi: mimi nafungua, shangazi anakaa pembeni na daftari la mistari la shule, anaandika namba ya faili na rangi kwa mpangilio. Majina ni yake mwenyewe. Faili 17: damu ya mzee, maziwa, kijani cha mgomba. Faili 88: samawati, samawati iliyofuliwa, manjano ya embe dodo. Nilimuuliza samawati na samawati iliyofuliwa zinatofautianaje, akanyanyua vibunda viwili vya uzi akaviweka mbele ya dirisha bila kusema neno, na kweli, si moja.

Tumefika faili la 231. Leo baada ya isha tunaendelea.

#30 BintiRaskazone

Fundi, mwombe anipigie picha ukurasa wa faili 88. Nina mteja wa vitambaa vya meza, hiyo samawati iliyofuliwa ndiyo amekuwa akinielezea wiki nzima na sikuwa namwelewa.